Matone ya macho yenye antibayotiki na steroidi: namna ya kuyatumia bila kuliumiza jicho

Nyumba nyingi zina kile kikopo cha plastiki juu ya friji au kwenye droo ya kabati, na ndani yake kuna kichupa kidogo cha matone ya macho kilichobaki. Kilinunuliwa babu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, au mtoto alipokuwa anawashwa macho msimu wa vumbi. Kimebaki nusu. Jicho la mtu yeyote nyumbani likiwa jekundu, lazima atatokea mmoja wa kusema: "Si ile dawa ilimsaidia babu?"

Mimi ni muuguzi wa macho, na kichupa hicho ndicho kimenifanya niandike mwongozo huu. Dawa yenyewe ni nzuri na tunaitumia kila wiki. Shida ni kwamba ndani ya tone moja kuna dawa mbili zenye kazi tofauti, na moja kati ya hizo inaweza kumpofusha mtu akiitumia kwenye jicho ambalo halijapimwa.

Hatua ya 1: Soma lebo ujue umeshika nini

Antibayotiki kazi yake ni kuua bakteria. Steroidi haiui mdudu yeyote. Yenyewe hutuliza ile vita ambayo mwili wako unapigana ndani ya jicho, na ndiyo maana uvimbe unashuka, wekundu unaondoka na maumivu yanapoa, wakati mwingine ndani ya siku moja. Uzuri wake upo hapo, na hatari yake ipo hapohapo. Jicho linaweza kuonekana limepona huku kidudu kinaendelea kula kioo cha jicho, yaani ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, bila askari wa kukizuia.

Kwenye lebo, tafuta maneno yanayoishia na "sone" au "lone": Dexamethasone, Betamethasone, Hydrocortisone, Prednisolone, Fluorometholone. Hizo ni steroidi. Ukikuta mojawapo imeandikwa pamoja na Tobramycin, Neomycin, Polymyxin B, Gentamicin, Chloramphenicol, Ciprofloxacin, Ofloxacin au Moxifloxacin, umeshika chupa yenye dawa mbili. Mchanganyiko unaojulikana sana una tobramisini asilimia 0.3 na deksamethasoni asilimia 0.1. Usiidharau hiyo 0.1. Deksamethasoni ni steroidi yenye nguvu, na kiasi hicho kinatosha kupandisha presha ya jicho kwa mtu ambaye jicho lake halielewani nayo.

Usijitegemeze kwenye jina la biashara wala rangi ya kifuniko. Viwanda ni vingi, majina ni mengi zaidi, na chupa mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na dawa zisizohusiana kabisa. Mara nyingi herufi "dex" ndani ya jina ni dalili kwamba deksamethasoni imo, ila si kila kiwanda kinaweka dalili hiyo. Ukiwa duka la dawa uliza hivi: "Hii ina steroidi?" Muuzaji akibabaika, usiichukue.

Jambo jingine la kutazama kwenye boksi ni kama dawa ni ya macho, ya masikio, au ya vyote viwili. Ya masikio peke yake isiguse jicho kamwe. Ile inayofaa kote ikishaanza kutumika sikioni, ibaki kuwa ya sikio hadi iishe.

Hatua ya 2: Jicho lipimwe kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu madhara mengi ninayoyaona yameanzia kwenye hatua hii kurukwa.

Jicho jekundu si ugonjwa mmoja. Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na mikoa mingine, Wizara ya Afya ilieleza kuwa ulitokana na virusi na ikawaonya watu wasijitibu kiholela. Hata hivyo watu walijaa kwenye maduka ya dawa, na wengine walitoka na matone yenye steroidi. Virusi havifi kwa antibayotiki. Macho mekundu ya namna ile kwa wengi huisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili, kwa kunawa maji safi, kuweka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, na kila mtu kuwa na taulo lake. Ukiongeza steroidi pasipohitajika, wekundu unafifia unadhani umepona, kumbe unaweza kuwa umewaongezea virusi siku za kukaa jichoni na kuambukiza watu wa nyumbani.

Hao ni virusi wapole. Wapo wengine, virusi vya hepesi, ambao mara nyingi ni walewale wanaoleta vidonda vya homa mdomoni. Vikiingia kwenye kioo cha jicho, mgonjwa anakuja na jicho moja jekundu linalomwaga machozi na kuogopa mwanga. Kwa macho matupu linafanana na jicho lolote lililoumwa. Tunadondosha rangi ya flurosini, ile ya manjano inayoelekea chungwa, tunazima taa ya chumba na kumulika mwanga wa bluu. Hapo kidonda kinajitokeza kikiwa kijani kinachong'aa, kimechorwa kama tawi jembamba la mti lenye vijitawi, na kwenye ncha ya kila kijitawi kuna kijivimbe kidogo. Kila nikiliona tawi hilo jambo la kwanza ninalouliza ni kama kuna dawa yoyote iliyodondoshwa. Jicho la hivi likipewa steroidi, tawi linaacha kuwa tawi na kutanuka mithili ya ramani ya nchi, na kovu linalobaki linaweza kufunika mboni. Dawa ya kuua virusi hivyo ipo, lakini lazima mtu awe ameliona tawi kwanza.

Kisha kuna fangasi. Mkulima anapalilia, jani la mahindi linamchapa jichoni. Au ni punje la mpunga, au mwiba, au kipande cha nyasi wakati wa kukatia ng'ombe. Siku tatu au nne baadaye jicho linauma na kuna doa jeupe lenye kingo zilizochanika kama unyoya. Huenda hao ni fangasi walioingia pamoja na lile jani. Antibayotiki haiwafanyi kitu, na steroidi inawafungulia mlango. Mtu aliyeumizwa jicho na mmea wa aina yoyote asidondoshewe dawa yenye steroidi mpaka kioo cha jicho kimetazamwa kwa taa maalumu. Hili nawaomba na wenzangu wa maduka ya dawa walibebe: muulize mteja alikuwa anafanya nini jicho lilipoanza kuuma. Akitaja shamba, mwelekeze hospitali.

Upimaji wenyewe hauhitaji safari ya hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, CCBRT au Kikuyu ya Kenya. Hospitali nyingi za mkoa, na za wilaya zisizo chache, zina daktari msaidizi wa macho au muuguzi wa macho mwenye taa ya kupimia, ile unayoweka kidevu na kuegemeza paji la uso. Upimaji wa kawaida huchukua dakika chache. Ukiwa mbali na huduma hiyo na jicho lina tongotongo na usaha unaogandisha kope asubuhi, bila maumivu makali na bila kupungukiwa na uwezo wa kuona, mhudumu wa zahanati anaweza kuanza na antibayotiki peke yake, kama tetrasaiklini ya tyubu au matone ya kloramfenikoli. Antibayotiki isiyo na steroidi, hata kama imekosea ugonjwa, haiwezi kulimaliza jicho kwa namna ile.

Hatua ya 3: Sema mambo yako kabla dawa haijaandikwa

Mweleze anayekupima kama wewe, mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja ana presha ya jicho. Mwambie kama una kisukari, kama uliwahi kuugua hepesi ya jicho, kama unavaa lenzi za kubandika jichoni, kama u mjamzito au unanyonyesha. Ikiwa neomisini iliwahi kukufanya kope zivimbe, ziwashe na kubanduka ngozi kama zimeungua jua, hilo pia liseme. Na kama unatumia dawa za ARV zenye ritonaviri au kobisistati, usifiche: dawa hizo huzuia mwili kuivunja deksamethasoni, hivyo hata ile kidogo inayofyonzwa kutoka jichoni inaweza kujilimbikiza mwilini. Daktari akijua, atachagua dawa nyingine au atafupisha muda.

Kuhusu watoto

Sitaliweka hili ndani ya hatua nyingine, maana ndilo linaloniumiza zaidi.

Watoto wengi wa kwetu wana mzio wa macho. Wanayasugua kutwa, weupe wa jicho unakuwa kama wa kahawia, machozi yana uzi mweupe unaovutika. Mzazi anapewa siku moja matone yenye steroidi, mtoto anatulia, anarudi shuleni anacheza. Dawa ikiisha muwasho unarudi. Kinachofuata ni kununua chupa nyingine, kisha nyingine, bila kurudi kupimwa, kwa sababu kila chupa inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Namkumbuka mama aliyemleta kijana wake wa miaka 11. Alikuja na mfuko wa nailoni wenye vichupa saba vitupu, amevitunza ili muuzaji asikosee kumpa kilekile. Mama yule alikuwa mwangalifu kuliko wazazi wengi ninaowajua. Alikuwa hakosi dozi. Kijana alikuwa ameanza kujikwaa kwenye vizingiti vya milango, na mwalimu aliona anageuza kichwa chote ili atazame ubaoni. Presha ya jicho ya kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ya kwake ilikuwa zaidi ya 40 kwa macho yote mawili, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ulikuwa umeshaliwa sehemu kubwa. Alibaki anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Presha tuliishusha, ila sehemu ya mshipa iliyokufa haifufuki. Alilouliza mama ni moja tu: "Mbona hakuwahi kulalamika kuumwa?" Nilimjibu ukweli: presha inayoletwa na steroidi hupanda kimyakimya, na jicho linaonekana jeupe na zuri wakati wote.

Takribani mtu mmoja kati ya watatu hupandwa na presha ya jicho kiasi fulani akitumia steroidi kwa wiki kadhaa, na wachache miongoni mwao hupanda sana. Kwa watoto hutokea mapema zaidi na kwa kasi zaidi. Hakuna anayeweza kukuambia kwa kukutazama usoni kama wewe ni mmoja wao. Mashine ya kupimia presha ndiyo inayojua. Matumizi ya miezi mingi huleta pia mtoto wa jicho, kwa mkubwa na kwa mdogo.

Kwa mtoto mwenye mzio wa macho, mwombe daktari dawa za kutuliza mzio zisizo na steroidi, ambazo anaweza kukaa nazo muda mrefu. Steroidi ibaki kwa siku chache za moto mkali, kwa ratiba iliyoandikwa na tarehe ya kurudi kupimwa presha. Antibayotiki kwenye mzio haina kazi yoyote, maana hakuna bakteria wa kuuawa.

Hatua ya 4: Usiondoke bila namba tatu

Mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na tarehe ipi unarudi. Namba hizo tatu ziandikwe kwenye karatasi au kwenye boksi lenyewe kwa kalamu.

Kwa maambukizi yenye uvimbe wa kope au utando wa jicho, dozi mara nyingi ni ya siku chache, labda wiki moja. Ikifika siku 10 na bado unadondosha, presha ya jicho inatakiwa ipimwe. Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho dawa huenda kwa takribani mwezi, na mara nyingi hupunguzwa kidogokidogo: mara nne kwa siku wiki ya kwanza, kisha tatu, mbili, moja. Fuata ratiba ya aliyekupasua, hata kama jirani yako alipewa nyingine.

Uliza pia namna ya kuacha. Ukiwa umetumia wiki moja kwa ugonjwa mdogo, unaweza kuambiwa uache siku hiyohiyo. Ukiwa umetumia wiki nyingi kwa uvimbe wa ndani ya jicho, ukikatisha ghafla uvimbe unarudi kwa hasira. Ndiyo sababu baadhi ya madaktari hukupa chupa mbili tofauti badala ya moja yenye mchanganyiko: steroidi inataka kupunguzwa taratibu, antibayotiki inataka kupigwa kwa nguvu kamili kisha kuachwa. Kudondosha antibayotiki mara moja kwa siku kwa wiki nzima kunawafundisha bakteria kuizoea. Ukipewa chupa mbili, usidhani umeuziwa zaidi.

Hatua ya 5: Kudondosha kwenyewe

Nawa mikono kwa sabuni. Kama kuna usaha kwenye kope, usafishe kwa pamba au kitambaa safi kilicholowa maji yaliyochemshwa yakapoa, ukianzia upande wa pua kwenda nje, na kila jicho lipate kipande chake.

Tikisa chupa vizuri. Michanganyiko mingi ya namna hii ni maji yenye unga mwepesi ndani, na steroidi ndiyo huo unga uliotua chini. Anayesahau kutikisa anapata maji matupu mwanzoni mwa chupa na dawa nzito mwishoni. Kama umevaa lenzi, zitoe. Na kwa kweli jicho lenye maambukizi halitakiwi kuvaa lenzi hadi lipone.

Lala chali, au keti uegemeze kichwa nyuma ya kiti. Kwa kidole kimoja vuta kope la chini taratibu mpaka kijitokeze kimfuko cha rangi ya waridi. Tazama juu, kwenye dari. Shika chupa kwa mkono mwingine, uegemeze mkono huo kwenye paji la uso ili usitetemeke, na uache nafasi kidogo kati ya ncha na jicho. Ncha isiguse kope, jicho wala kidole. Dondosha tone moja ndani ya kile kimfuko.

Moja linatosha. Kimfuko kile hakina nafasi ya matone mawili. La pili linatiririka shavuni au linaingia puani, na umelipia bure. Likikosa kabisa jicho, dondosha jingine.

Sasa fumba jicho taratibu, bila kulibana na bila kupepesa. Weka ncha ya kidole kwenye kona ya ndani, pale jicho linapokutana na pua, ukandamize kidogo kwa dakika mbili au tatu. Hapo ndipo lilipo tundu dogo linalopitisha machozi kwenda puani na kooni. Ukiliziba, dawa inabaki jichoni inapohitajika, inayoingia mwilini inapungua, na ule uchungu unaousikia kooni unapungua au haupo kabisa. Kwa watoto na wajawazito usiiruke hatua hii.

Ukiwa na dawa nyingine ya kudondosha, subiri dakika tano ndipo uiweke. Ya mafuta, yaani ya tyubu, huwa ya mwisho siku zote, kwa sababu ukiitanguliza inatandaza utando unaozuia matone kupenya. Baada ya kudondosha macho huweza kuwa na ukungu kwa muda mfupi. Usikimbilie kuendesha pikipiki. Nawa mikono tena.

Bibi anayetetemeka mikono, au anayeishi peke yake, afumbe macho akiwa amelala chali, adondoshe tone kwenye kona ya ndani ya jicho, kisha afumbue taratibu. Tone litateleza lenyewe. Hivyo hivyo kwa mtoto anayepiga mateke.

Mwezi wa Ramadhani huwa nawapoteza wagonjwa waliotoka upasuaji. Wanaacha matone mchana kutwa, na wanarudi baada ya Idi macho yamevimba ndani. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kudondosha dawa machoni hakubatilishi saumu hata ladha ikisikika kooni. Moyo ukisita, kamuulize shekhe wako mapema, kabla ya kuacha dozi hata moja. Na ule mkandamizo wa kona ya jicho utakusaidia na hilo.

Ukisahau dozi, dondosha ukikumbuka. Kama wakati wa inayofuata umekaribia, endelea na hiyo tu, bila kuweka mbili.

Hatua ya 6: Chupa ikae wapi, na ife lini

Siku unayoifungua, andika tarehe juu ya lebo kwa kalamu. Baada ya siku 28 itupe hata kama imejaa, kwa maana vijidudu vya hewani na vya kope vimeshapata nafasi ya kuingia. Tarehe ya kiwandani iliyo chini ya boksi inahusu chupa ambayo haijafunguliwa.

Iweke wima, kifuniko kimekazwa, mahali penye ubaridi na kivuli. Nyingi zinataka joto lisilozidi nyuzi 25, kitu ambacho Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari ni kigumu, basi tafuta kona ya nyumba isiyopigwa na jua. Dirishani na ndani ya gari hapafai. Baadhi ya matone, yakiwemo mengi ya kloramfenikoli, yanataka friji. Lebo itakuambia.

Sasa hesabu kidogo, itakayoeleza kile kikopo cha juu ya friji. Chupa nyingi zina mililita 5, karibu matone 100. Ukidondosha jicho moja mara nne kwa siku kwa siku saba, umetumia matone 28. Kwa hiyo chupa itabaki na dawa nyingi hata ukifuata maelekezo bila kosa. Kubaki kwa dawa hakumaanishi hukumaliza dozi, wala si akiba ya familia. Muda wako ukiisha, rudisha chupa duka la dawa kama wanapokea, au ifunge kwenye mfuko uitupe mahali watoto hawataiokota. Kumpa mwingine usifikirie kabisa, hata awe mume wako na jicho lake linafanana na lako.

Dalili za kukurudisha hospitali siku hiyohiyo

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Mwanga unaochoma. Kuona kunakopungua, au miduara ya rangi inayozunguka taa usiku. Doa jeupe au la kijivu juu ya sehemu nyeusi ya jicho, hata dogo kama punje ya ulezi. Kichwa kuuma upande wa jicho pamoja na kichefuchefu. Kope kuvimba na kuwasha zaidi kila unapodondosha, ambayo mara nyingi ni mzio wa dawa yenyewe. Na kwa aliyepasuliwa jicho, wekundu unaorudi baada ya kuwa umekwisha. Siku mbili tatu zikipita bila nafuu yoyote, rudi pia, hata kama hakuna kati ya haya.

Kama tayari umeshaitumia muda mrefu

Huenda umesoma mpaka hapa na umekumbuka chupa unayonunua wewe mwenyewe kila mwezi, au unayomdondoshea mwanao. Wiki hii nenda kapime presha ya macho. Kama mliandikiwa na daktari kwa ugonjwa wa ndani ya jicho, endelea na dozi hadi umwone, usikatishe mwenyewe. Kama mlianza wenyewe dukani, msinunue chupa nyingine kabla ya kupimwa.

Na njoo na chupa, hata ikiwa tupu, hata kama ni saba kwenye mfuko wa nailoni. Hakuna atakayekugombeza. Mgonjwa akiniambia "nilipewa dawa yenye kifuniko cheupe" sina pa kuanzia, lakini nikisoma lebo najua palepale kwamba napima presha kwanza, kisha natazama mshipa wa nyuma ya jicho, kisha lenzi ya ndani ya jicho, ile inayopata mtoto wa jicho.